Uko safarini kikazi na unataka kuteleza: tafuta saa kwanza, uwanja utafuata

Swali: Shikamoo kocha. Nilianza kuteleza kwa mitindo kwenye barafu nikiwa mtu mzima, tayari nina kazi na familia. Miruko ya mzunguko mmoja ninaiweza, na sasa nahangaika na Axel, ule mruko wa mzunguko mmoja na nusu. Tangu nibadilishiwe majukumu kazini, karibu kila mwezi natumwa mji mwingine kwa wiki moja au mbili. Nikifika huko ama sipati uwanja, ama naupata umejaa watoto na watu wanaotembea wameshikilia ukuta, na wasimamizi wananikataza kuruka. Nikirudi nyumbani kocha wangu ananiambia kiwango kimeshuka. Nifanye nini ili safari hizi zisiniulie mchezo?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mtu aliyeanza ukubwani akafika hadi kuhangaika na Axel ana subira ya kutosha kulimaliza jambo hili. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ukifika mji mgeni unaulizia uwanja ulio karibu na hoteli, kisha unakwenda jioni kazi ikishaisha. Kosa liko kwenye hiyo jioni. Katika miji mingi mikubwa barafu ipo. Kinachotafutwa ni saa ambayo barafu hiyo ni yako.

Uwanja wa barafu hupoozwa usiku na mchana, na umeme wake ni mwingi, kwa hiyo wenye uwanja hawaachi saa ipite bila mlipaji. Jioni za katikati ya wiki huchukuliwa na timu za hoki na madarasa ya watoto waliotoka shule. Wikiendi ni ya umma: familia, wapenzi, sherehe za kuzaliwa. Mtelezaji wa mitindo huachiwa zile saa ambazo wengine wamelala au wako kazini, yaani alfajiri na katikati ya siku. Kwako wewe hizo ndizo saa bora kuliko zote.

Ukifungua ratiba ya uwanja wowote utakuta vipindi vya aina nne au tano. Kuna vya umma, vya hoki, vya mafunzo ya wanaoanza, vya klabu, na vile vilivyotengwa kwa ajili ya mazoezi ya mitindo. Hivi vya mwisho ndivyo vyako. Marekani huitwa fristaili. Uingereza utasikia watu wakisema pachi, jina lililobaki tangu enzi za kuchora maumbo ya lazima kwenye barafu, ambapo kila mtelezaji alipewa kipande chake cha uwanja. Maumbo hayo yaliondolewa kwenye mashindano ya kimataifa mwaka 1990, lakini jina halikuondoka. Kipindi cha aina hii huwa na watu wachache waliowekewa kikomo, wote wanajua wanachofanya, na kuruka ndilo lengo. Vingi huanza saa 12 asubuhi au kabla, kwa sababu vinawahudumia watoto wanaofanya mazoezi kabla ya shule. Mkutano wako ukiwa saa 3, unaweza kuteleza saa nzima, ukaoga, ukafika kazini mapema kuliko wenzako.

Usivipuuze pia vipindi vya umma vya mchana, siku za kazi, shule zikiwa zimefunguliwa. Kati ya saa 5 na saa 8 mchana siku ya Jumanne au Jumatano, uwanja unaweza kuwa na watu wasiozidi kumi, nusu yao wazee wanaoteleza kwa utaratibu wao. Sheria ya kutoruka huenda bado ipo ukutani, lakini msimamizi mwenye uwanja mtupu mara nyingi hukuruhusu mizunguko (kuzunguka ukiwa mahali pamoja) na miruko midogo katikati ukimwomba kwa heshima kabla ya kuanza. Akikataa, kubali papo hapo. Saa ya kazi ya kingo (kuteleza ukilalia upande mmoja wa bledi, kile chuma cha chini ya kiatu), hatua na mizunguko bila msongamano bado ni mazoezi ya maana, na kwa mtu anayejenga Axel ndiyo msingi wenyewe.

Sasa, ratiba unaipataje? Anza na mashirikisho na klabu, kisha injini za kutafutia mtandaoni. U.S. Figure Skating, shirikisho lililoundwa mwaka 1921, lina ukurasa wa kutafuta klabu kwa mji. Skate Canada nao wana wao. Uingereza mlango wa kuingilia ni British Ice Skating. Klabu ikiwepo, barafu ya mitindo ipo, na katibu wa klabu anajua ratiba halisi kuliko tovuti ya uwanja. Katika nchi nyingi za Ulaya bara klabu ndiyo inayokodi barafu yote ya mitindo kutoka kwa manispaa, kwa hiyo usipoongea na klabu unaweza kudhani uwanja hauna kipindi hata kimoja kinachokufaa.

Usiamini orodha za zamani. Viwanja hufungwa. Singapore ilipata uwanja wake wa kwanza wa kipimo cha Olimpiki mwaka 2012 ndani ya jengo la maduka la JCube, na Agosti 2023 jengo likafungwa pamoja na barafu yake. Kurasa zinazousifu bado zimejaa mtandaoni. Ndiyo maana nasisitiza upige simu au uandike ujumbe wiki mbili kabla ya kusafiri, na tena siku moja kabla ya kwenda, kwa sababu mashindano ya hoki ya wikiendi moja yanaweza kufuta vipindi vyote.

Ujumbe wenyewe usiwe mrefu. Andika hivi: "Habari. Mimi ni mtelezaji mtu mzima, ninaruka miruko ya mzunguko mmoja. Nitakuwa mjini kwenu kuanzia tarehe hii hadi hii. Je, mnacho kipindi cha mitindo ambacho mgeni anaweza kulipia mlangoni? Kuna kiwango maalumu kinachotakiwa? Ni lazima niwe na kocha, bima au uanachama wa shirikisho? Ratiba iliyo mtandaoni itafuatwa wiki hiyo?" Kila swali hapo lina sababu. Viwanja vingine huuza nafasi kwa mkataba wa msimu mzima, na mgeni huingia tu ikibaki nafasi. Vingine hugawa vipindi vya juu na vya chini kulingana na majaribio ya kiwango, na vingine haviruhusu mtu kwenye kipindi cha mitindo bila kocha wao kuwepo. Kwa hiyo tembea na picha ya kadi yako ya uanachama na ya cheti chako cha kiwango kwenye simu. Cheti cha nchi nyingine huenda kisilingane na mfumo wao, lakini humwonyesha mtu wa mapokezi kwamba hutakwenda kuhatarisha watoto wa watu.

Wakisema kocha ni lazima, lipia somo moja. Mimi naona hilo ni faida kuliko adhabu. Kocha mgeni huona kwa dakika 20 kile ambacho kocha wako amekizoea hadi hakioni tena. Mwombe tu asikubadilishie mbinu ya kuondokea kwenye Axel. Akupe anachokiona, ukipeleke nyumbani mkakizungumze.

Baada ya kupata saa, ndipo uchague hoteli. Wengi hufanya kinyume: ofisi huwakatia hoteli karibu na mkutano, kisha wanagundua barafu iko upande wa pili wa mji na alfajiri hakuna usafiri. Kama kampuni inakuachia uamuzi hata kidogo, lala njiani kati ya uwanja na kazi. London, kwa mfano, Lee Valley Ice Centre ilifunguliwa upya mwaka 2023 ikiwa na viwanja viwili vya kipimo cha Olimpiki, lakini iko mashariki ya mji. Ukilala magharibi, safari ya kuvuka jiji alfajiri itakushinda siku ya pili. New York wageni hukimbilia Rockefeller Center kwa sababu ya picha. Ni pazuri na pana historia tangu 1936, ila ni kiwanja kidogo cha msimu kilichojaa watalii, na mtu anayetaka kuruka hana kazi pale. Sky Rink iliyopo Chelsea Piers, kisiwa hichohicho cha Manhattan, ndiyo yenye vipindi vya fristaili. Dubai uwanja wa Dubai Mall ni wa kipimo kamili, na Melbourne pale Docklands kuna viwanja viwili kamili chini ya paa moja. Ninapokuwa na uchaguzi, napendelea jengo lenye viwanja viwili: hoki inachukua kimoja, mitindo inabaki na kingine.

Angalia pia msimu. Viwanja vingi vya manispaa barani Ulaya huyeyusha barafu majira ya kuchipua na kuitengeneza tena mwishoni mwa kiangazi au vuli. Safari ya Juni inaweza kukufikisha kwenye sakafu ya zege. Miezi hiyo ulizia vituo vya mafunzo vinavyoendelea, kama Oberstdorf kusini mwa Ujerumani, penye viwanja vitatu. Mji huo mdogo, kwa taarifa yako, umekuwa ukipokea mashindano ya kimataifa ya watu wazima tangu 2005, na mtu wa kiwango chako ana daraja lake pale. Amerika Kaskazini mambo ni tofauti: shule zikifungwa, vipindi vya mitindo vya mchana huongezeka.

Ukishaingia uwanja usioujua, usivae viatu mara moja. Simama ukutani dakika 10 utazame. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa kuwa ajali nyingi za wageni hutokea pale wanapoteleza kana kwamba wako kwao. Tazama mwelekeo wa watu. Tazama mruko uitwao Lutz unarukwa kona zipi, maana anayejiandaa kuruka Lutz huja kinyumenyume kwa umbali mrefu na hakuoni. Watelezaji wengi huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo kona zao huwa zilezile, na katikati huachwa kwa mizunguko. Kama wewe unazunguka kwa mwendo wa saa, njia zako zitakatiza za wengine. Waambie walio karibu nawe kabla ya kuanza. Sikiliza muziki pia. Katika viwanja vingi anayechezewa muziki wa programu yake, yaani onyesho lake la mashindano, ndiye mwenye haki ya njia, na mara nyingi huvaa fulana au mkanda wa rangi ili aonekane. Anayefuata ni aliye kwenye somo na kocha. Wengine wote mnapishana. Ukianguka, inuka upesi. Usisimame katikati kutazama simu.

Barafu yenyewe pia itakushangaza. Uwanja wa kipimo cha Olimpiki una mita 60 kwa 30, ule wa hoki ya Amerika Kaskazini una takriban mita 61 kwa 26. Hizo mita nne za upana zinatosha kukuleta ukutani katikati ya mruko uliouzoea kwenye nafasi kubwa. Punguza hatua moja ya kujiandaa hadi ujue ukuta uko wapi. Halafu kuna ugumu wa barafu. Ya mitindo hupendelewa ikiwa na nyuzi joto karibu -3 au -4, laini kidogo, inayopokea ukingo wa bledi na kusamehe kutua. Ya hoki huwekwa baridi zaidi, -5 hadi -7, ngumu, ya haraka, na rahisi kupasuka vipande meno ya mbele ya bledi yanapochoma. Siku ya kwanza kwenye barafu ya hoki utahisi bledi zako zimekuwa butu hata kama ulizinoa juzi. Zipe dakika 15 za kingo na hatua kabla ya kulaumu viatu.

Na hapo nije kwenye viatu. Noa bledi nyumbani kwa fundi wako, kisha uteleze nazo angalau mara moja kabla ya kusafiri. Wengi hunoa kila baada ya saa 20 hadi 40 za barafu, kwa hiyo piga hesabu isikuangukie ugenini. Usimpe fundi usiyemjua bledi zako kwenye duka la hoki hata akikuhakikishia vipi. Bledi ya mitindo ina mfereji mwembamba chini, ina mpindo wake wa mbele hadi nyuma, na ina meno. Mtu aliyezoea bledi za hoki anaweza kuondoa meno ya chini au kunyoosha mpindo kwa dakika tano, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Kwenye ndege, viatu viwe nawe ikiwezekana. Nguo za mazoezi unaweza kununua popote, ila viatu vilivyokubali umbo la miguu yako havinunuliki uwanja wa ndege. TSA, idara ya ukaguzi wa usalama wa abiria Marekani, inaruhusu viatu vya barafu kwenye mzigo wa mkononi, ingawa uamuzi wa mwisho ni wa afisa anayekukagua. Nchi nyingine zina sheria zao, kwa hiyo soma ya uwanja unaoondokea na ule wa kurudi, na shirika la ndege pia. Wakikataa, funga bledi kwa kava za kitambaa, vizungushie nguo, uviweke katikati ya sanduku. Kava ngumu za plastiki ni za kutembelea tu kutoka benchi hadi barafuni. Ukiacha bledi ndani yake usiku kucha, unyevu utazila kutu. Kila ukimaliza, kausha kwa taulo hadi kwenye skrubu, na ukifika hotelini toa viatu kwenye begi vipate hewa.

Swali linalobaki ni ufanye nini hiyo saa uliyoipata. Ushauri wangu unaweza usiupende: siku ya kwanza baada ya safari ndefu, usiruke Axel. Kati ya miruko mikuu ya mashindano, Axel ndiyo pekee unayoondoka ukitazama mbele, mzunguko mmoja na nusu hewani, na unataka muda wa mwili ulio sahihi. Mtu ambaye usingizi wake uko saa sita nyuma ana miguu mizito na macho yanayochelewa, na akianguka vibaya mara mbili hofu inaanza kujenga nyumba. Siku hiyo fanya kingo, mizunguko, na miruko unayoimudu usingizini. Siku ya pili, kama barafu ni nzuri na watu ni wachache, fanya mazoezi ya maandalizi ya Axel: kuondoka bila kuzunguka kikamilifu, na mzunguko wa kurudi nyuma ambao ndio mhimili wa hewani. Jaribu mruko kamili mara chache ukiwa bado na nguvu, kisha uache. Usimalizie kipindi kwa Axel ukiwa umechoka kwa sababu tu ulilipia saa nzima.

Miji mingine haitakuwa na barafu kabisa, au itakuwa na kiwanja cha plastiki. Plastiki ina msuguano zaidi na hula makali ya bledi haraka, kwa hiyo mimi singeweka bledi zangu nzuri pale. Ziwa au mfereji ulioganda ni raha kwa kusukuma na kupumua hewa safi. Rideau Canal kule Ottawa ina njia ya kilomita 7.8 inapoganda vizuri, lakini nyufa zake si mahali pa kutua kwa mguu mmoja. Bila barafu, tumia sakafu. Miruko mikavu ya Axel kwenye raba, dakika 15 kila siku, kamba ya kuruka, na kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umefunga mikono kama hewani. Sakafu isiwe ya zege tupu wala zulia linaloshika soli. Ukumbi wa mazoezi wa hoteli wenye mbao unafaa sana, hasa usiku ukiwa mtupu.

Kuhusu kocha wako kusema kiwango kimeshuka, anaona kweli, lakini huenda anaona kitu kimoja tu: muda wa kuondokea umeteleza kidogo baada ya siku kadhaa bila kuruka. Huo hurudi ndani ya vipindi viwili au vitatu kama kingo na nguvu hazikupotea. Mpe tarehe za safari mapema, mkubaliane mambo mawili tu ya kufanyia kazi ukiwa huko, na umtumie video fupi za hayo mawili. Kisha mwombe kipindi cha kwanza ukirudi kiwe cha kupasha mwili na miruko ya chini, Axel ianze kipindi cha pili.